Komeo la Ndani ni Haki ya Alalaye

Wanachama wa Chama chetu wakutanapo, habari za mshahara, likizo na uhamisho hutangulia nyingine zote, na ndivyo ipasavyo. Lakini liko jambo moja dogo ambalo halijapewa nafasi katika kurasa hizi, nalo latugusa kila siku jua lichwapo: mlango wa chumba cha kulala usio na kitasa. Twawaomba ndugu wasomaji watuwie radhi tukiweka kando kwa leo mambo makubwa na kulisema hili, maana twaona limedharauliwa kwa udogo wake, na madhara yake si madogo.

Wengi wetu hatukai katika nyumba zetu wenyewe. Karani ahamishwapo hupanga chumba kimoja au viwili katika nyumba ya watu wengi. Nyumba hizo za miji yetu twazijua sote: ukumbi katikati, toka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande wa pili, jiko, bafu na choo viko uani. Mlango wa mbele una kitasa kizuri, na mwenye nyumba humwonyesha kila mgeni kwa fahari. Lakini mlango huo ni wa wapangaji sita pamoja na jamaa zao na wageni wao. Huyu arudi kutoka zamu saa sita za usiku, yule atoka alfajiri kuwahi gari, na mara nyingi hubaki umeegeshwa tu. Basi mlango umtengao mpangaji na watu wa nje si ule wa mbele, ni wa chumba chake. Na huo ndio usio na kitu: ubao, bawaba mbili, na tundu mahali palipokuwa na kitasa zamani.

Mpangaji aonapo upungufu huu, kwa kawaida hukimbilia dukani kununua kufuli. Hafanyi vibaya, lakini yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kulinda mali wakati mwenyewe hayupo. La pili ni kumlinda mtu mwenyewe wakati amelala. Kufuli la nje hufanya kazi ya kwanza, wala halifanyi ya pili hata kidogo. Mtu akiisha kuingia ndani, kifungo kilichoko nje si chake tena. Ni cha yeyote apitaye ukumbini, na apitaye huyo akitaka mzaha au uovu aweza kumfungia kama kuku tunduni.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kila chumba alalamo mtu kiwe na komeo upande wa ndani, nalo lishikwe na yule alalaye, si mwenye nyumba, wala mwajiri, wala msimamizi wa bweni. Tena lifunguke kwa mkono mtupu, gizani, pasipo kutafuta ufunguo.

Shauri hili si jipya. Mwenye kutaka ushahidi na aitazame milango ya zamani ya Unguja na Lamu, ambayo wageni hutoka mbali kuja kuipiga picha. Wageni huangalia nakshi za miimo na za mfaa. Sisi twawaomba ndugu zetu waangalie vifungo. Nje upo mnyororo wa chuma, ambao mwenye nyumba aliutia katika tumbuu na kuufunga kwa kufuli alipoondoka. Ndani lipo pingo la mti mzito, ambalo alilipitisha mwenyewe alipokwisha kuingia na jamaa yake. Mafundi wale walijua ya kuwa mlango una kazi mbili, wakaupa vifungo viwili. Wapangishaji wengi wa siku hizi wameuchukua ule mnyororo, na pingo wameliacha.

Sasa tuseme namna ya kufanya, maana si vema kulalamika bila kuonyesha njia. Kabla ya kununua kitu chochote, mtu na asimame ndani ya chumba chake atazame mlango wafunguka kwenda wapi: ndani alipo, au nje ukumbini. Kila kitu chafuata hapo, na wengi hupoteza fedha zao kwa kuwa hawakutazama kwanza.

Dawa iliyo bora kwa mpangaji ni komeo la chuma la kusukuma kwa kidole. Bei yake ni ndogo kuliko ya kitasa, na fundi seremala aweza kulitia kwa muda mfupi bila kuukata ubao. Lakini komeo halina nguvu kupita parafujo zake, ambazo mafundi wengi huziita skrubu. Zile ziuzwazo pamoja nalo mara nyingi ni fupi kama ukucha. Mtu akiupiga mlango teke moja, zatoka zote pamoja na vumbi la mbao. Ile pete ipokeayo komeo, iliyo katika mwimo, ndiyo ibebayo nguvu yote ya asukumaye. Basi itiwe parafujo za inchi 2 au zaidi, ziingie katika kiini cha mwimo. Katika ubao wa mlango zitumike ndefu kadiri ubao uwezavyo kuzichukua bila kutokeza upande wa pili. Misumari isitumike kabisa, kwa kuwa msumari hung’oka kwa kutikiswa. Kama mwimo umeliwa na mchwa au ni wa mbao laini, fundi na alitie komeo la wima chini ya mlango, liingie katika tundu lililotobolewa kwa keekee katika sakafu ya saruji. Sakafu hailiwi na mchwa.

Asiyeweza kununua komeo aweza kutengeneza pingo. Mlango ufungukao kwenda ndani watakiwa vishikio viwili, vya chuma au vya mti mgumu, kimoja kila upande juu ya miimo, na mti mmoja ulazwe juu yake kukingama. Asukumaye toka nje atalikuta pingo, na pingo limeshikwa na miimo. Mlango ufungukao kwenda nje ni kinyume: hapo pingo lishikwe na ubao wenyewe, nalo liwe refu kuuzidi upana wa mlango, ili avutaye toka nje azivute ncha zake dhidi ya miimo. Twasema hivi kwa urefu kwa sababu tumepata kuona pingo zuri la mninga limetiwa katika mlango ufungukao nje, likakaa pale kama pambo: mtu aliuvuta mlango ukumbini, nao ukafunguka, na pingo likabaki limelala juu ya vishikio vyake.

Wako ndugu zetu walio safarini, wenye kulala usiku mmoja au miwili katika nyumba za wageni, nao hawawezi kutoboa mlango wa watu. Hao twawashauri wachukue kabari katika sanduku lao. Kabari hupigwa chini ya mlango upande wa ndani, mbali na bawaba, nayo yafaa kwa mlango ufungukao ndani tu. Kadiri mlango usukumwavyo ndivyo inavyozidi kukaza. Kabari ya mti huteleza juu ya sakafu iliyosuguliwa, basi heri ile ya mpira, au ya mti iliyopigiliwa kipande cha tairi kuukuu chini yake. Kiti chaweza kutumika vivyo hivyo: kiinamishwe mpaka kichwa cha mgongo wake kiingie chini ya mkono wa mlango, na miguu ya nyuma ikaze sakafuni. Mlango usio na mkono, au sakafu inayoteleza, havitaki kiti. Na asiye na kabari wala kiti na aweke debe tupu au sufuria nyuma ya mlango. Haitamzuia mwizi, lakini itamwamsha mwenye kulala, na mwizi hapendi kupokewa na mtu aliyeamka.

Liko jambo la bawaba pia. Mlango ufungukao nje huziacha bawaba zake nje, na pini ya bawaba ikichomolewa, mlango hutoka upande ule bila kuligusa komeo. Katika mlango wa namna hiyo fundi na azifyatue ncha za pini kwa nyundo ili zisitoke, au atie msumari mnene upande wa bawaba, uliokatwa kichwa, utokezao katika ubao na kuingia tunduni katika mwimo kila mlango ufungwapo.

Kwa mchana, wakati mtu yuko kazini, kufuli lina kazi yake. Bati likunjwalo juu ya tumbuu liwe la namna ifunikayo parafujo zake linapofungwa, maana parafujo zionekanazo nje hufunguliwa na mtoto mwenye bisibisi. Na kama ubao wawezekana, heri bolti zipitishwe mpaka ndani na kukazwa kwa nati. Mtu arudipo jioni asiliache kufuli lake likining’inia wazi. Na alitie katika tumbuu tupu, bati likiwa limefunuliwa, alifunge, kisha aingie na ufunguo wake. Hapo hakuna awezaye kulikunja bati na kumfungia toka nje, wala kulibadilisha kufuli lake kwa jingine linalofanana nalo.

Twafika sasa katika sababu ituleteayo uzito wa moyo. Mtu aweza kuuliza: kwa nini kusisitiza ya kwamba alalaye mwenyewe ndiye ashike komeo? Je, haitoshi mlango kufungwa na mtu mwaminifu? Jibu limeandikwa kwa maisha ya watoto. Mwezi wa Machi mwaka 1998, moto uliwaka katika bweni la wasichana la shule ya Bombolulu, Kwale, nchini Kenya, wakafa wasichana 26. Mwezi wa Machi mwaka 2001, moto uliteketeza bweni la wavulana la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, wakafa wavulana 67. Katika Kyanguli bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na nondo. Nondo na kufuli vilitiwa kwa nia njema, kuwazuia wezi na kuwazuia watoto wasitoroke usiku. Moto ulipokuja, waliokuwa ndani hawakuwa na neno juu ya mlango wao wenyewe.

Twaomba kila msomaji autafakari usiku ule, kisha ajiulize habari za nyumba yake. Ni wangapi wanaowafungia watoto kwa kufuli la nje wakatoka kwenda harusini? Ni wangapi wanaofunga kitasa cha chumba kwa ndani, wakaweka ufunguo mfukoni mwa koti lililotundikwa upande wa pili? Moshi hujaza chumba kabla ya ndimi za moto kufika, na umeme ukikatika hapana aonaye tundu la ufunguo. Ndiyo sababu tulisema komeo lifunguke kwa mkono mtupu. Kila mtu wa nyumbani, hata mtoto, ajifunze kulifungua amefumba macho. Na kwa kuwa tunasema habari za vyumba vilivyofungwa, tuongeze hili: jiko la makaa, hata likiwa limefifia, halilazwi ndani ya chumba kilichokomewa. Sumu yake haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Twajua majibu yatakayotolewa. Mwenye nyumba atasema, “Mlango wangu utatobolewa, na mpangaji akiondoka ataniachia matundu.” Hilo lina haki ndani yake. Mpangaji na aombe ruhusa kwanza, na wapatane kwa maneno yaliyo wazi, au kwa maandishi, kama ilivyo desturi yetu sisi watu wa kalamu: ama komeo litabaki kuwa la nyumba, ama litaondolewa na matundu kuzibwa kwa gundi na unga wa mbao. Lakini mwenye nyumba akataaye kabisa na aulizwe kwa upole: kodi yako ya mwezi ni ya chumba, au ni ya kivuli tu?

Wengine watasema ya kuwa mtu mwema hajifungii, na ya kwamba kukomea mlango ni kuwatukana majirani. Twajibu ya kuwa wazee wetu waliotia mapingo hawakuwa watu wasiopendana. Tena wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Komeo halimtaji mtu. Hukaa palepale kwa jirani mwema na kwa jirani mbaya, na jirani mwema halidhuriki nalo. Na wazazi watasema ya kuwa mtoto mdogo atajifungia akashindwa kutoka. Ni kweli, basi kwa chumba cha mtoto mdogo komeo liwe juu asipofika, mpaka apate akili ya kulitumia. Kadhalika mgonjwa wa kifafa, au mzee asiyeweza kusimama, asilale peke yake nyuma ya komeo. Huyo apewe mtu wa kulala naye.

Hata hapa tumesema kana kwamba sote tu wapangaji. Lakini wako kati yetu waliojaliwa kujenga, nao hupangisha. Na walio wengi zaidi, hata wenye chumba na sebule tu, wana watu walalao chini ya mamlaka yao: mpwa aliyeletwa kusoma, binti aliyetoka kijijini kufanya kazi za nyumbani, mdogo wa mke atafutaye kazi. Watu hao hulala wapi? Binti wa kazi hulala stoo pamoja na magunia, au jikoni, au katika chumba ambacho mlango wake ni pazia. Karani atiaye kufuli mbili katika sanduku la vyombo na asimtilie binti huyo komeo moja amehesabu vyombo kuliko mtu. Twasema neno hili bila kumsingizia yeyote, lakini twalisema wazi. Msichana mgeni katika nyumba ya watu, asiye na mama wa kumlilia, hana kinga nyingine usiku ila mlango wake. Na kama mlango haufungwi kwa ndani, kila mwanamume wa nyumba ile na kila mgeni wake ana njia. Mengi husikika baadaye, mimba imekwisha kuonekana na lawama imekwisha kumwangukia yeye. Komeo moja lingalinena mapema.

Kwa hiyo twaleta mbele ya Chama mashauri matatu, tukiomba yajadiliwe katika mkutano ujao. La kwanza, kila mwanachama aliye na nyumba ya kupangisha atie komeo la ndani katika kila chumba kabla ya kumpokea mpangaji mwingine, ili tusiwadai wengine tusilolitenda. La pili, Chama kiwaombe wakubwa wasimamiao nyumba za watumishi kwamba, chumba kitolewapo kwa mtumishi, karatasi ya kukabidhi ionyeshe pamoja na idadi ya madirisha na funguo, kama komeo la ndani lipo na kama lafunguka bila ufunguo. Karatasi hizo hujazwa na makarani, na mstari mmoja zaidi hautatuchosha. La tatu, kila tawi limtafute fundi seremala mwaminifu awezaye kutia makomeo kwa bei ya kupatana, na wanachama wapya wahamiao kituoni waonyeshwe kwake siku ile ile wafikapo, kabla ya kuonyeshwa duka la kitambaa.

Mwenye maoni tofauti na alete barua yake kwa Mwandishi wa Chama, nayo itapigwa chapa. Lakini wakati barua zikingojewa, twamwomba kila ndugu leo usiku, kabla ya kuzima taa, azunguke nyumba yake na kuupima kila mlango ambao nyuma yake mtu analala. Autazame wafunguka kwenda wapi, azipime parafujo kwa mkono, kisha amwulize yule alalaye ndani kama aweza kuufunga mwenyewe, na kama aweza kuufungua gizani.